Namna Nilivyochora Nchi ya Tulia

Keti chini, lakini si pale, pale rangi haijakauka. Ninyi batoto mumesikia Mama Karte ameacha kazi, munafikiri kuta zimekwisha. Kuta ziko. Bega njo limekwisha. Miaka ishirini na kitu nimenyanyua mkono juu ya kichwa, nachora karte, ramani za dunia, kwenye kuta za shule hapa kwenye kambi yetu ya wakimbizi, Dzaleka, na kule Lilongwe, mpaka bega likasema basi, mama, na mi pia nimechoka.

Munakuja munaniuliza, Mama, karte inachorwaje? Nitawaambia. Lakini na mi nina swali langu: nani amewatuma? Musicheke. Nauliza kila muntu. Ata pasta alipokuja kuomba nimchoree safari za mitume kwenye ukuta wa kanisa, nilimuuliza. Akasema ametumwa na Mungu. Nikamwambia bantu wa namna hiyo njo ninaowaogopa zaidi. Alicheka, lakini kazi alinipa.

Leo nataka kuwaeleza kazi moja tu, ile ya nchi ya Tulia, juu kwa sababu yake nilikaribia kumpotezea Debora safari aliyoingoja miaka kumi na moja. Debora munamsikia kwa jina tu. Alikuwa jirani yangu, ukuta kwa ukuta, fundi cherehani kutoka Uvira, yeye na binti yake Sifa. Nitafika kwake. Kwanza mujue namna nilivyofundishwa, la sivyo hamutaelewa kosa lilitoka wapi.

Aliyenifundisha ni Mwalimu Nikodemu, Mrundi mwembamba, alikuwa mwalimu wa jeografia kwao kabla ya vita. Mi nilikuwa namchanganyia rangi. Siku moja tulipata kazi ya shule ya Area 25, kule Lilongwe, yeye akaanguka malaria, akaniambia nimngoje. Sikungoja. Nilitaka bantu bajue na mi ni fundi. Nikaanza Afrika juu kabisa: Moroko nzuri, Misri nzuri, Sahara nimeipa nafasi kama inalipa kodi. Siku ya tatu nikafika Tanzania, nikatazama chini, ukuta umekwisha. Mwalimu mkuu akaja, baba mmoja wa Kimalawi mwenye tai, akatafuta, akatafuta, akainama.

"Amayi," akaniuliza, "ife tili kuti?" Sisi tuko wapi?

Nikamwonyesha sakafu.

Nikodemu alipopona alikuja kuona, akacheka mpaka akakaa chini. Halafu akanipa kamba iliyopakwa chaki, akaniambia: karo kwanza. Unachora karo kwenye karte ndogo, miraba sawasawa, halafu unapiga karo idadi ileile ukutani kwa kamba, na unahamisha karo moja moja. Usitazame nchi. Ukitazama nchi, mapenzi yatakudanganya, ya kwenu utaifanya kubwa. Tazama karo tu. Mi ya kwetu Fizi, kule Kongo, niliwahi kuifanya ilingane na Zambia, na nilikuwa tayari kuapa kwamba ni sawa.

Baada ya karo, maji. Mito na maziwa kwanza, juu maji yalikuwepo kabla ya sisi wote. Halafu milima, halafu barabara. Mipaka ya nchi inakuja nyuma, na jina la nchi linakuja mwisho kabisa. Nikodemu alikuwa anasema majina na mipaka njo vitu vinavyobadilika, kwa hiyo rangi yake ikae juu, siku ikibidi kuibadilisha usiharibu mto wa muntu. Nilishika maneno hayo kama sala.

Na vijiji usiandike. Hilo nilijifunza kwa machozi. Hapa Dzaleka ukichora Kongo ukutani, kesho yake bantu banakuja mmoja mmoja: Mama, niwekee alama, kwetu ni hapa. Nikawa naweka. Huyu kijiji chake, yule kilima chake. Asubuhi moja nikakuta vijiji viwili vimekwanguliwa na kijiko, na cha tatu kimeandikwa mahali ambapo sikukiandika. Nani? Hakuna aliyeona. Tulikuwa tunachota maji pamoja na kusali pamoja, na kati yetu kulikuwa na muntu mwenye kijiko. Nikodemu akafuta vyote, akabakiza mito. "Mto hauna chama," akasema. Tangu siku hiyo nikawa natazama vijiko vya bantu.

Kitu kingine, hiki kitawasaidia nje ya kazi pia. Muntu akidanganya kuhusu anakotoka, usimuulize jina la chifu wala la shule. Hayo anayakariri. Muulize maji walikuwa banachota wapi na njia ilikuwa inapanda au inashuka ukirudi na ndoo. Mwongo atafikiri kidogo. Mkweli atashika kiuno.

Basi, akaja Estela.

Ilikuwa wakati wa vumbi, na alikuja na viatu safi. Viatu safi Dzaleka, mwezi wa tisa! Nikajua huyu ameshuka kwenye kabaza, baiskeli ya abiria, pale kwenye kona, akafuta viatu, njo akaja. Muntu anafuta viatu juu ya nini? Siku hizi jasusi havai miwani nyeusi. Anavaa sketi ya heshima na kubeba kaye ya kuandikia.

"Shikamoo Mama. Naitwa Estela. Nilizaliwa hapa hapa kambini, baba na mama Barundi. Sasa niko Nsungwi, kule Area 25, nimeolewa na mwalimu Mmalawi. Nafanya kazi kwenye kibanda cha fotokopi."

"Marahaba. Ulizaliwa hapa?"

"Ndiyo Mama."

"Maji mulikuwa munachota wapi?"

"Kwenye bomba lile la chuma, lililokuwa linatoa maji ya kutu. Tulikuwa tunayaita chai."

Kweli, tulikuwa tunayaita chai. Lakini nikajiambia, ata jasusi mzuri anaweza kujua hilo.

Akanieleza shida yake. Anaandika hadithi ya vijana, anataka kuisoma mashuleni, na anataka karte kubwa ya kitambaa ya kutundika wakati anasoma. Karte ya nchi gani? Nchi haiko. Inaitwa Tulia. Serikali yake inataka bantu batulie, kwa hiyo imegawa nchi mikoa mitano na hakuna muntu anayetoka mkoa wake. Kuna Mkoa wa Mlima, wenye maofisi.

"Kilima chenye maofisi?" nikamkatiza. "Mi najua kimoja tu, Capital Hill ya serikali kule Lilongwe, na sitaki kesi. Nenda na kaye yako."

"Mama, hii ni hadithi! Kilima ni kilima tu."

Kuna Mkoa wa Foleni, ambako mutoto anazaliwa akiwa na namba yake kwenye mstari. Kuna Mkoa wa Kimya, kusema kwa sauti ni marufuku. Kuna Mkoa wa Vumbi, wanapopelekwa waliouliza maswali. Na wa tano ni Mkoa wa Ng'ambo, ambao uko kwenye karte lakini hakuna aliyewahi kurudi kusema ukoje.

Nikamwambia anionyeshe alivyoichora. Ole wake! Mto wake ulikuwa unatoka Vumbini unapanda mpaka Mlimani.

"Maji hayapandi kilima, mwanangu."

"Tulia yanapanda, Mama. Serikali imeamuru."

"Serikali iamuru inachotaka. Mi sichori maji yanayopanda, nitapata homa."

Tulibishana nusu saa juu ya mto. Akakubali ushuke. Halafu nikaona amezungusha ukuta kila mkoa, ukuta mrefu, na minara. Hapo kazi ikanishika, na muntu akishikwa na kazi mdomo unafunguka wenyewe. Nikamuuliza: ukuta huu wote nani ameujenga? Nani alimpikia fundi? Matofali ya ukuta mrefu hivyo yalitoka wapi, nani aliyachoma? Hapana. We ukitaka kuzuia bantu, usijenge ukuta. Weka mto na daraja moja. Upande wa huku weka biro, ofisi ya kupiga muhuri. Upande wa kule weka biro ya kukagua muhuri. Muhuri uishe nguvu baada ya siku tatu, na kutoka biro moja mpaka nyingine kwa miguu iwe siku nne. Basi. Ukuta wa nini? Bantu batarudi benyewe kupanga foleni tena, na batalaumu miguu yao.

Estela aliacha kuandika, akanitazama.

"Mama, umeitoa wapi hiyo?"

"Kichwani," nikasema.

Alipoondoka nilikaa pale kwenye stuli, nikaanza kuogopa. Nimesema nini mi? Na msichana ameandika yote, neno kwa neno. Vipi kama hadithi haiko? Vipi kama kuna muntu mahali fulani ananunua akili ya bantu walioteseka, ajue namna ya kutesa vizuri zaidi? Nilimfuata ata kijana wa kabaza aliyembeba, nikamuuliza amemshusha wapi na kama alipiga simu njiani. Akasema, "Amayi, aliimba tu." Hilo nalo halikunituliza. Nani anaimba kwenye vumbi lile?

Lakini kazi nilikuwa nimekubali. Na Estela alikuwa ameniomba kitu kimoja: nisimwambie muntu hadithi, juu haijatoka. Na mi katika kazi yangu siri ya mteja ni siri.

Kitambaa alinishonea Debora, vipande vinne vya pamba, akaviunganisha bila mkunjo ata mmoja.

"Dada, karte ya wapi hii kubwa hivi?"

"Kazi ya mteja."

"Mteja gani?"

"Debora, we ukiletewa kitambaa cha sidiria nakuuliza ni ya nani?"

Akacheka, lakini macho yalibaki kwenye kitambaa. Lazima mujue hali yake wakati ule. Faili yake na ya Sifa ilikuwa imefika mahojiano ya mwisho ya safari ya kwenda kuishi nchi ya mbali. Alikuwa ameambiwa asitoke kambini, jina litabandikwa siku yoyote, na siku ya kuitwa asipoitika faili inarudi chini ya lundo. Miaka kumi na moja juu ya lundo lile. Muntu wa namna hiyo halali usingizi mzima. Akisikia mlango wa gari anasimama.

Na siku zile, kama siku zote, kulikuwa na uvumi. Kwamba tutahamishwa. Kwamba kuna liste ya majina. Kila muntu anajua muntu aliyeiona liste, hakuna aliyeishika.

Nilichora Tulia kwa wiki mbili, na niwaambie ukweli, sijawahi kuchora kitu kizuri hivyo. Karo sawasawa, mto wa buluu unashuka kutoka Mlimani unavyotakiwa mpaka kwenye ziwa karibu na Foleni, Vumbi kwa rangi ya ugoro, Kimya kijani hafifu. Mshale wa kaskazini. Kipimo cha kilomita. Kwenye kona, maelezo ya alama: daraja la muhuri, kituo cha mapokezi, mahali pa kungoja. Kiburi kilinipanda. Nikaitundika nje kwenye kamba ya nguo ikauke, nikabakiza kitu kimoja tu cha kuandika kesho yake. Jina la nchi.

Mumeona sasa? Karte kubwa, haina jina, ina mikoa na vituo vya mapokezi, inaning'inia mbele ya nyumba ya muntu anayejulikana kwa kuchora kweli tupu.

Saa nne asubuhi kulikuwa na bantu watano. Saa sita sikuweza kuona mlango wangu. Walikuwa banajitafuta kwenye karte! Mzee mmoja alipima kwa vidole kutoka kituo cha mapokezi mpaka darajani, akahesabu siku, akatikisa kichwa. Mama mmoja akauliza kama Mkoa wa Kimya una shule ya sekondari. Vijana bakabishana: Barundi batapelekwa Foleni, hapana, Foleni ni ya bantu wa Uvira, si munaona ziwa liko karibu? Hakuna ata mmoja aliyeuliza kama nchi yenyewe iko. Kiongozi wetu wa mtaa akaja na kofia yake.

"Mama Karte, kazi hii umepewa na nani?"

"Na mteja."

"Mteja ana jina?"

"Analo. Ni lake."

Najua, najua. Neno moja lingetosha. Ningesema "hadithi", wote bangerudi kupika. Lakini mi nikisukumwa nafunga mdomo, njo nilivyo, na pia nilikuwa nimeanza kuwaza: nani kawaita bantu hawa? Nani alijua kuhusu kitambaa zaidi ya Debora? Nikamwona amesimama nyuma ya bantu, mikono kifuani. Nikajisemea, ahaa, kijiko ni hiki.

Bantu balipopungua alinifuata ndani. Akasema kwa sauti ya chini, "Dada, mi siulizi ya wengine. Mi na Sifa tumeandikwa wapi?"

Na mi, kwa hasira yangu na utani wangu mbaya, nikamjibu, "Ninyi? Vumbini, upande wa cherehani."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Aliniambia aksanti, akatoka. Muntu anashukuru kwa jibu kama lile, na mi bado nikafikiri ni utani unaendelea.

Kesho yake asubuhi mlango wake ulikuwa na kufuli. Nikachungulia dirishani: cherehani haiko, na maharagwe yamelowekwa kwenye sufuria. Mwanamke wa Uvira haachi maharagwe aliyoloweka, ata kama nyumba inaungua. Kijana wa kabaza akaniambia aliwabeba mama na binti alfajiri mpaka barabara kubwa, na mwenzake alibeba mashine. Simu yake imezimwa.

Ilikuwa Ijumaa. Saa tatu bakabandika majina ya bantu wa Jumatatu. Jina la Debora lilikuwa la nne.

Nilikaa chini pale pale kwenye vumbi, na sioni aibu kuwaambia nililia. Halafu nikasimama, na hasira yangu yote ikamwendea Estela. Huyu njo aliyeanzisha. Nikakunja Tulia, nikaifunga kwa kitenge, nikapanda minibasi mpaka Area 25, nikaulizia Nsungwi, kibanda cha fotokopi cha Mrundi. Nikamkuta amenipa mgongo, na mashine inatoa makaratasi. Nikachukua moja. Karte yangu! Mchoro wangu wa kwanza wa karo, aliokuwa ameupiga picha, unatoka mmoja baada ya mwingine.

"Nani anakulipa?" nikapiga kelele. "Sema hapa mbele ya bantu! Nani anataka kujua?"

Maskini, alidondosha kikombe. Mteja wake mmoja alikimbia na vitambulisho vyake. Estela akanipa rundo la makaratasi kutoka chini ya mashine, akaniwekea stuli. Nikasoma nimesimama. Ukurasa wa kwanza, wa pili. Ilikuwa hadithi. Kwenye ukurasa wa sita kulikuwa na mama mmoja amesimama kwenye daraja langu, muhuri wake umekufa jana, na mutoto mgongoni, na anamwambia askari kwamba saa ya hapa inaenda mbio. Maneno hayo sikumpa mi. Nikakaa kwenye stuli.

"Uliyajuaje?" nikamuuliza.

"Mama yangu alipita hapo," akasema. "Hakuwahi kuniambia ni wapi. Njo sababu nikatunga nchi."

Nikamwambia yote, ya Debora, ya Jumatatu. Hakunilaumu. Alifunga kibanda, akachukua kalamu, akageuza moja ya zile fotokopi, nikampigia karo juu yake, mitaa ya Area 25 ambamo bantu wetu banaotoroka kambi banajificha: soko, kituo cha minibasi, makanisa ya kwetu, barabara yenye mafundi wa nguo. Ninyi ba siku hizi mungefungua simu. Simu itakuambia geuka kushoto. Haitakuambia nani amekaa kwenye baraza la kushoto na hataki kuonekana. Tulitembea karo moja moja, Jumamosi nzima, tunauliza fundi mpya mwenye binti. "Zikomo, amayi, hatujamwona." Jumapili baada ya misa tukasikia cherehani nyuma ya duka la mkaa. Mi sauti ya mashine ile naijua, inakohoa kila mshono wa kumi.

Debora aliponiona alisimama mbele ya Sifa.

"Umekuja na bantu wangapi?"

"Na huyu tu. Debora, karte ile ni ya hadithi. Nchi ile haiko. Jina lako limebandikwa, ni kesho, njoo turudi."

"We njo mwongo. Njo namna yao hiyo, kumtuma muntu unayemjua."

Nikaifungua Tulia chini, kwenye mavumbi ya mkaa. Estela akampa makaratasi. Debora hakuyatazama. Alitazama karte, akaweka kidole kwenye daraja.

"Kama nchi haiko," akasema, "siku nne hizi umezijuaje? Nani alikuambia kwamba muhuri unakufa siku ya tatu? Hii ni njia ya kweli, dada. Mi najua njia ya kweli nikiiona."

Sasa nifanye nini? Miaka yote ile Dzaleka sikuwa nimemwambia muntu yeyote, ata Nikodemu, namna nilivyotoka. Nilikuwa nachora njia za mitume na za bafanyabiashara wa zamani, ya kwangu nimeifungia. Nikamwambia Debora, mbele ya msichana na mbele ya mutoto. Kwamba biro zile nilizipitia mi. Kwamba nilirudi mara nne, juu nilikuwa na mume asiyeweza kutembea haraka. Kwamba mara ya nne yeye mwenyewe aliniambia nitangulie, muhuri usife. Nikatangulia, nikatembea usiku na mchana. Nikavuka. Nikamngoja upande wa pili mpaka bakafunga daraja.

"Sikutunga kitu," nikasema. "Niliulizwa nchi mbaya inakaaje, nikachora ninayoijua. Ni ya zamani, Debora. Haiko mbele yako."

Aliondoa kidole kwenye daraja. Halafu akasema, "Nenda, dada. Nitafikiri." Na akarudi kwenye cherehani.

Jumatatu saa moja nilikuwa kwenye benchi ya biro ya safari. Karani akasoma. La kwanza, la pili, la tatu, bakaingia. La nne: Debora. Kimya. Akasoma tena. Kimya. Akanyanyua kalamu, akasoma mara ya tatu, na mi nikasikia mdomo wangu unasema, "Yuko chooni!"

"Chooni?"

"Tumbo, bwana. Hofu ya mahojiano."

Bantu bakacheka. Akaendelea na la tano. Kabla ya mchana akarudi kwake: "Yule wa tumbo?" Nikasema bado. Akanitazama sana. Mi nimetazama bantu namna ile maisha yangu yote, siku ile njo nilijua inavyouma. Akasema atasoma mara moja tu tena, mwisho wa kazi.

Saa tisa na nusu Debora akatokea getini, yeye na Sifa, nguo zimejaa vumbi mpaka kwenye kope. Alinipita bila salamu. Aliposomwa akaitika kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, akaingia.

Kwa hiyo ninyi munaotaka kazi hii, andika jina la nchi kwanza. Kabla ya maji. Nikodemu angenikatalia, lakini Nikodemu hakuona mzee yule akihesabu siku zake kwa vidole. Andika kubwa, ata kama nchi ni ya uongo, hasa kama ni ya uongo. Na muntu akikuuliza yuko wapi kwenye karte yako, jibu kwa adabu, juu hujui anauliza nini.

Debora aliondoka miezi michache baadaye. Hakuwa amenisemesha muda wote ule, ukuta kwa ukuta. Siku ya basi nilisimama mbali kidogo, sikutaka kumharibia. Sifa akapanda. Debora akaweka mfuko chini, akaja mpaka nilipo.

"Dada," akasema, "nilijua ulikuwa unanitania. Siku ileile, umesimama mbele yangu unacheka, nilijua."

"Sasa mbona ulikimbia?"

"Ni miguu," akasema. "Miguu haijui utani."